Kabla Hatimiliki Haijaenda Benki: Kupanga Mitihani na Mafunzo ya Urubani Nje ya Nchi

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

 

Ofisi za kaunti hupokea barua nyingi za kuomba msaada wa karo. Siku hizi, katikati ya barua za vyuo vya ualimu na uuguzi, haikosi barua ya urubani. Zinafanana sana. Kijana amepata nafasi katika shule ya urubani Marekani, Afrika Kusini au Uingereza. Familia imeshauza ng'ombe, au inatafuta mnunuzi wa ekari mbili. Awamu ya kwanza ya malipo inatakiwa kabla mwezi haujaisha. Kinachokosekana katika barua hizo ni ratiba. Hakuna anayeeleza ni mtihani gani utafanywa lini, matokeo yake yatadumu muda gani, na leseni itakayopatikana itamruhusu kijana kufanya kazi wapi. Ndiyo maana tumeketi hapa leo.

Mimi si rubani. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kusoma makaratasi hadi ukurasa wa mwisho. Nitakayosema yanatoka katika kanuni za mamlaka za anga zenyewe, ambazo ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando.

Tuondoe jambo moja njiani kwanza. Basari ya wadi haiwezi kubeba kozi hii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Elimu ya juu iko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Hata kama sheria ingeruhusu, pesa za kumfikisha rubani mmoja kwenye leseni ya biashara zingetosha kuwasaidia watoto wengi wa wadi nzima kwa mwaka. Msimngoje mwakilishi wenu wa wadi kwa hili. Hamkatai, hana.

Sasa tuanze na lenyewe. Leseni ya urubani ni mali ya nchi. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na shirika hilo huweka viwango vya chini ambavyo nchi wanachama hufuata. Lakini ICAO yenyewe haitoi leseni hata moja. Marekani hutoa ya Marekani, kupitia mamlaka yake iitwayo FAA. Afrika Kusini hutoa yake. Kenya hutoa yake kupitia KCAA. Kwa hivyo tangazo linalosema "pata leseni ya kimataifa" linauza kitu ambacho hakipo. Kuna leseni ya nchi fulani, iliyotolewa kwa viwango vya kimataifa, na nchi nyingine inaweza kuikubali kwa masharti yake.

Mfano mzuri ni Uingereza. Kwa miaka mingi leseni ya huko ilikuwa sehemu ya mfumo mmoja wa Ulaya. Tangu tarehe 1 Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka, leseni ya London na leseni ya Ulaya ni vitu viwili. Kijana aliyelipa akidhani anapata mlango wa nchi zote za Ulaya amepata wa Uingereza peke yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza karo ni ngapi, ulizaneni nyumbani: huyu mtoto anataka kufanya kazi wapi? Kama jibu ni Kenya, barua ya kwanza iende KCAA, si kwa shule ya ng'ambo. Waulizeni kwa maandishi: leseni ya nchi hii nikirudi nayo, nitatakiwa kufanya nini? Kwa kawaida mtu hutakiwa kufanya mtihani wa sheria za anga za Kenya, kupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa hapa, na kuruka na mtahini. Leseni yenyewe lazima ithibitishwe na nchi iliyoitoa. Jibu la KCAA lihifadhini pamoja na hatimiliki.

Viwango vya chini vya ICAO havina siri. Leseni ya rubani binafsi, PPL, ni kuanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara, CPL, ambayo ndiyo inayokuruhusu kulipwa, ni kuanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ATPL, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, ni miaka 21 na saa 1,500. Nchi inaweza kuongeza, na zingine huongeza. Afrika Kusini hutaka saa 45 kwa PPL. Marekani hutaka saa 250 kwa CPL kwa njia ya kawaida, au 190 kwa shule zenye mtaala ulioidhinishwa na FAA.

Mkiona saa hizo, msizidishe kwa bei ya saa moja na kudhani mmepata gharama. Hizo ni za chini kabisa. Marekani, ambako kanuni ni saa 40 kwa PPL, wanafunzi wengi humaliza wakiwa na 60 na zaidi. Kila saa ya ziada ina mafuta, ina ndege ya kukodi na ina mkufunzi. Shule ikikuandikia bei iliyopigwa kwa saa za chini tu, iombeni iandike pia bei ya kila saa ya ziada.

Hatua ya kwanza ya kutoa pesa ni daktari. Rubani wa biashara huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho, masikio, moyo, damu, yote huangaliwa. Kuna kile kitabu cha madoa ya rangi, cha Ishihara, ambamo unaulizwa unaona namba gani. Kuna vijana werevu kabisa, wenye A ya Fizikia, ambao hawaioni namba hiyo na hawajawahi kujua, kwa sababu maisha ya kawaida hayawaulizi. Ni afadhali kulijua hilo Nairobi kwa ada ya daktari kuliko kulijua Florida baada ya shamba kuondoka. Na cheti ufanyiwe kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya nchi utakakosoma, si daktari yeyote mwenye koti jeupe.

Sasa mitihani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea kimya kimya.

Marekani mtihani wa maandishi ni mmoja kwa kila cheti. Ule wa rubani binafsi una maswali 60 ya kuchagua jibu, na unafaulu kwa asilimia 70. Wa kuruka kwa kutumia vyombo, yaani kuruka ndani ya mawingu bila kuona chini, una 60. Wa biashara una 100. Huwezi kuingia tu kufanya. Mkufunzi lazima atie sahihi kwamba umeandaliwa. Ukifaulu, matokeo yanadumu miezi 24. Ndani ya miezi hiyo lazima uwe umemaliza mazoezi na kufanya mtihani wa kuruka na mtahini. Ikipita, unarudia mtihani wa maandishi.

Miezi 24 inaonekana mingi. Lakini chukulieni kijana anayefanya mtihani mapema ili "kuokoa muda", kisha viza inachelewa, kisha awamu ya pili ya karo inangoja mavuno ya kahawa, kisha mkufunzi wake anaajiriwa na shirika la ndege na anapewa mwingine anayetaka kumpima upya. Miezi imekwisha. Mtihani wa maandishi ufanywe wakati pesa za kuruka ziko benki, si wakati ziko shambani.

Ulaya na Uingereza mambo ni mazito zaidi. Anayelenga mashirika ya ndege hufanya karatasi 13: sheria za anga, hali ya hewa, uelekezaji wa safari, mitambo ya ndege, uzito na mizani, utendaji wa mwili na akili ya binadamu, na nyinginezo. Kila karatasi ni asilimia 75. Huruhusiwi kujaribu karatasi moja zaidi ya mara nne. Na zote 13 lazima ziishe ndani ya miezi 18, ikihesabiwa kutoka mwisho wa ule mwezi ulioketi mtihani wa kwanza.

Tupige hesabu pamoja. Kijana ameketi karatasi ya kwanza tarehe 10 Machi. Saa yake inaanza kuhesabu tarehe 31 Machi, na inasimama tarehe 30 Septemba ya mwaka unaofuata. Akiwa amefaulu 11 na kubakisha mbili siku hiyo, hana 11. Anarudi shuleni kwa mafunzo zaidi na kuanza zote upya. Akishinda zote, saa nyingine inaanza: ana miezi 36 ya kupata leseni ya biashara na kibali cha kuruka kwa vyombo. Kwa hiyo mtu anayepanga kusoma nadharia sasa na "kutafuta pesa za kuruka pole pole" anapaswa kujua kwamba hiyo pole pole ina mwisho.

Lakini mfumo huo una faida moja kwa familia isiyo na pesa nyingi. Sehemu kubwa ya nadharia inaweza kusomwa kwa masafa, kijana akiwa hapa nyumbani, na kuhudhuria darasani kwa sehemu ndogo tu. Miezi ya kusoma akiwa nyumbani ni miezi isiyo na kodi ya nyumba ya London. Kwa wanaoelekea Marekani, FAA huweka vitabu vyake vikuu vya mafunzo ya urubani bure kwenye tovuti yake. Vijana, hivyo mnaweza kuvisoma kuanzia leo jioni. Ukichoka ukurasa wa thelathini, umejifunza jambo muhimu kuhusu wewe mwenyewe na hujalipa hata shilingi.

Afrika Kusini nayo hugawa mitihani kwa masomo, na kiwango chake cha kufaulu ni asilimia 75.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: leseni ya Marekani ikikosa kazi, si atahamia Ulaya? Anaweza, lakini atazikuta zile karatasi 13 zinamngoja, zote. Saa zake za kuruka zitahesabiwa, mitihani yake ya maandishi haitahesabiwa. Ndiyo sababu nimesema muamue mahali pa kazi kwanza.

Maoni yangu, na wengine hapa wanaweza kunipinga, ni kwamba kijana aanzie nyumbani. Afanye PPL Wilson. Uwanja ule umebeba jina la Florence Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na mpaka leo shule za urubani ziko hapo. PPL ya Kenya ni leseni ya viwango vya ICAO. Marekani inaweza kukupa cheti cha rubani binafsi kwa msingi wake baada ya kuithibitisha na KCAA, na kozi ya CPL ya hatua kwa hatua ya Ulaya humpokea mwenye PPL kama hiyo. Hujapoteza. Na kama mtoto atagundua anatapika kila ndege ikipinda, mmegundua kwa bei ya PPL, si kwa bei ya kozi nzima. Kapteni Irene Koki Mutungi, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, alipitia njia hiyo: alianza Wilson, kisha akaenda Oklahoma City kwa leseni ya biashara.

Kuna watakaosema kozi ya mfululizo ni ya haraka, na ni kweli. Unaingia bila kitu na kutoka na kila kitu. Shule kubwa za Uingereza hutoza zaidi ya pauni 100,000 kwa kozi hiyo. Mwenye nazo, aende.

Viza. Nitazungumzia Marekani kwa sababu ndiko maswali mengi yanakoelekea. Wanafunzi wengi wa urubani huingia kwa viza ya M-1, ya mafunzo ya ufundi. Shule lazima iwe imeidhinishwa na serikali kupokea wanafunzi wa kigeni. Ndiyo pekee inayoweza kukupa fomu ya I-20, na bila I-20 ubalozi hauna la kuzungumza nawe. Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Wakala akikuambia shule yake haimo lakini "kuna njia", ondoka, na chai yake uiache mezani.

Halafu, tofauti na masomo mengine, mwanafunzi mgeni wa urubani hukaguliwa na idara ya usalama wa usafiri, TSA. Alama za vidole huchukuliwa, ada hulipwa, na bila kibali hicho mkufunzi haruhusiwi kuanza kukufundisha kuruka. Wiki hizo ziwekeni kwenye ratiba. Kijana anayefika Texas kabla ya kibali analipia chumba ili atazame ndege za wenzake.

Na wazazi, nisikilizeni vizuri hapa: mwenye viza ya M-1 haruhusiwi kufanya kazi wakati wa masomo. Ule mpango wa "akifika atajitafutia ya jioni" haupo. Akikamatwa anafanya kazi, anarudishwa, na miezi 24 ya mtihani wake inaendelea kuhesabu akiwa hapa kwenu. Chakula, nyumba, usafiri na bima ya afya vyote viwe ndani ya bajeti kabla hajapanda ndege.

Tukija kwa pesa zenyewe, karo ni ya dola na shamba ni la shilingi. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160, na baadaye mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Dola 20,000 kwa 130 ni shilingi milioni 2.6. Kwa 160 ni milioni 3.2. Tofauti ni shilingi 600,000, na kijana hajaruka hata dakika moja zaidi. Familia iliyopiga hesabu dola ikiwa chini, bila akiba ya pembeni, inaweza kujikuta imekwama mtoto akiwa amebakisha saa 40.

Msilipe kozi nzima mbele, hata mkiahidiwa punguzo. Mwezi wa Aprili 2023 shule ya urubani ya siku nyingi huko Dundee, Scotland, ilifilisika, na wanafunzi waliokuwa wamelipia saa ambazo hawajaruka walibaki wakidai. Hiyo ilikuwa shule halali, yenye ndege na wakufunzi. Kama halali hufungwa, sembuse ya kwenye WhatsApp. Lipeni kwa awamu ndogo, kwa saa zilizorukwa, kwa akaunti ya benki ya shule yenyewe. Anayetaka mtume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, jibu mnalijua.

Kijana naye awe na kazi yake: daftari la saa za kuruka. Kila safari iandikwe, mkufunzi atie sahihi, na kila Jumapili apige picha kurasa na kuzituma nyumbani. Daftari likipotea, KCAA haitahesabu saa za mdomo.

Hali ya hewa pia ni ratiba. Anayeanza mazoezi Uingereza mwezi wa Novemba atakuwa na siku nyingi za kunywa chai akitazama ukungu. Ndiyo maana baadhi ya shule za huko huwapeleka wanafunzi wao Arizona kwa sehemu ya kuruka. Uliza mwezi wa kuanza, si ada peke yake.

Na akirudi? Kwanza atashangaa jinsi ndege ileile inavyobadilika. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Florida, karibu na maji, atakuta injini haina nguvu zile na ndege inakula barabara ndefu kabla ya kuinuka, hasa saa nane mchana kukiwa na jua. Hiyo si kasoro yake, ni hewa nyepesi, lakini ni saa chache za kuzoea na saa hizo zina bei.

Kisha atatafuta kazi akiwa na saa 200 au 250, akishindana na wenzake wengi wenye saa hizo hizo, wakati kampuni nyingi za kukodisha ndege zinataka zaidi. Kuna wanaobaki kufundisha ili kuongeza saa, kuna wanaoanza na ndege ndogo za mizigo na miraa, na kuna wanaokaa nyumbani muda mrefu huku cheti cha daraja la kwanza kikihitaji kufanywa upya kila baada ya miezi 12. Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Nasema ili bajeti isiishie siku ya kuhitimu, siku ile picha ya mabega yenye mistari inapozunguka kwenye kundi la ukoo na wajomba wanaanza kuuliza atawapeleka Mombasa lini. Wekeni ya mwaka mmoja baada ya hapo: kubadilisha leseni, kupimwa afya, na saa chache kila mwezi ili asisahau.

Kwa wale ambao baada ya haya wameona mlima ni mrefu lakini mapenzi ya anga bado yako, chuo cha anga cha Embakasi hufundisha kazi zingine, za waongoza ndege na mafundi, na tangu 2020 kuna kanuni za kurusha ndege zisizo na rubani. Hilo ni somo la siku nyingine.

Nimeleta nakala za jedwali la ukurasa mmoja lenye nafasi tatu tupu: nchi ya kufanya kazi, tarehe ya mtihani wa kwanza wa maandishi, na tarehe ambayo matokeo yake yatakufa. Kila familia ichukue moja. Asiyeweza kuijaza ya tatu bado hajafika wakati wa kuuza kitu.

Sasa maswali. Mama wa kitenge cha buluu ameinua mkono tangu nilipotaja hatimiliki. Karibu mama, tuanze na wewe.